Matende si sihiri



Ndugu msomaji, hapa Kyela, penye mvua nyingi, majaruba ya mpunga na mbu, matende si ugonjwa wa kusimuliwa. Mjomba wangu aliishi na mguu uliovimba miaka mingi. Wagawa dawa walipofika mtaani alikataa kumeza. "Mimi nimerogwa, vidonge vitanifaa nini?" Nami, msomi wa chuo kikuu, nikanyamaza kwa kumstahi.

Mwaka 2016 watafiti wa Mbeya na Ujerumani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu wa wilaya yetu kati ya 2006 na 2011. Wenye vimelea vya matende waliambukizwa VVU kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha wasiokuwa navyo. Kwa nini?

Jibu lilitafutwa ndani ya damu. Damu hutiwa rangi maalumu zinazonata kwenye chembe hai, kisha chembe hupitishwa moja moja mbele ya mwale wa leza. Mwanga unavyotawanyika huonyesha ukubwa wa chembe. Rangi inavyong'aa huonyesha aina yake na hali yake. Mwaka 2019 ikaelezwa kuwa kwa wenye vimelea hivyo, askari wa mwili waitwao CD4 huwa wameamshwa zaidi. Na VVU humwingia kwa urahisi askari aliyeamshwa.

Allah (SW) ametuahidi katika Suratu Fussilat, aya ya 53, kuwa atatuonyesha ishara Zake katika pande zote za ulimwengu na katika nafsi zetu wenyewe. Je, tunazisoma? Sihiri ipo, Qur'an imeitaja. Lakini si kila mguu uliovimba ni sihiri. Mabedui walipomuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu.

Wala asitokee mtu akaacha kujihifadhi na zinaa kwa kisingizio cha vimelea. Amri hiyo iko palepale.

Mjomba ameshatangulia mbele ya haki. Vidonge visingeurudisha mguu wake, lakini huua vimelea vichanga vilivyo katika damu kabla mbu hajavipeleka kwa jirani. Kumbe kunyamaza kwangu hakukuwa heshima. Wanawe nimewaambia. Nawe mwambie wako.