Salamu ya Kwanza
Kijana wa Karatu ambaye babu yake, alipotaka kuoa, alimtuma mshenga mwenye haya na ufasaha apeleke posa Rhotia au Mbulumbulu, leo hujiandikia mwenyewe katika Badoo, mtandao wa kutafuta wachumba ulioanzishwa mwaka 2006, na aghalabu neno lake la kwanza huwa ni "mambo" tupu, lisilomwonyesha mwandikiwa kwamba habari zake zimesomwa. Mshenga alikuwa na fadhila moja kubwa: hakwenda kabla ya kuuliza habari za nyumba ile. Basi ikiwa binti ameandika kwamba analima vitunguu Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, muulize jinsi maji ya mifereji yanavyogawanywa msimu huu. Na ikiwa kijana huwaongoza wageni kushuka Kreta ya Ngorongoro, muulize ukungu wa ukingoni huondoka saa ngapi. Swali moja lenye adabu latosha. Kumsifia umbo mtu usiyemjua ni kumvunjia staha, nami sioni udhuru wake. Na kumwomba nauli kabla hajajibu ni kumtia shaka, tena shaka ya haki. Asipojibu, usimwandikie tena.