Mnunuzi Ajuaye na Muuzaji Asiyejua

Katika darasa letu limeletwa suala ambalo kwa juu laonekana kuwa ni la chuma na mafuta, lakini kwa ndani ni suala la amana. Aliyeuliza ni ndugu mmoja wa mwambao huu ambaye sasa akaa Marekani, na kazi yake huko ni kununua trekta kuukuu, kuzitengeneza na kuziuza. Twalieleza hapa kwa ukamilifu, kwani hapana soko duniani lisilokuwa na mfano wake.

Asiyezijua trekta hizo huenda akauliza: Chuma kilichokwisha kuota kutu kina thamani gani? Jawabu ni hili. Baina ya mwaka 1947 na 1952 kampuni ya Ford ilitengeneza huko Michigan trekta ndogo iitwayo 8N. Zilitoka zaidi ya 500,000, na hata leo ziko nyingi katika mabanda ya mashamba. Kwa wingi wake huo, iliyochakaa si kitu cha ajabu wala cha bei kubwa. Lakini trekta hiyo ilitoka kiwandani na gia 4 tu za kwenda mbele, na wakulima wengi waliziona hazitoshi: hii ni ya polepole mno, na inayofuata ni ya mbio mno. Ndipo kampuni ya Sherman ikauza giaboksi ndogo ya kuongezea, iliyotiwa ndani kabisa, baina ya klachi na giaboksi ya asili. Gia 4 zikawa 8, na kwa aina yake nyingine zikawa 12. Kwa nje haionekani, ila mkono wake mdogo wa kubadilishia, ambao asiyejua hupita akaudhani ni wa jambo jingine.

Na liko la nadra kuliko hilo. Katika mji wa Coffeyville, jimbo la Kansas, kampuni ya Funk, iliyokuwa ikiunda ndege ndogo, ilitengeneza vifaa vya kufungia injini kubwa ya silinda 6 au 8 katika trekta hiyo iliyozaliwa na silinda 4. Hazikufungwa nyingi. Leo wakusanyaji wa trekta za zamani huzitafuta kwa hamu, na hulipa kwa moja yake bei iliyo mbali sana na ile ya trekta ya kawaida. Vifaa hivi vingine vimelala miaka mingi chini ya vumbi la banda, na waliovifunga wamekwisha kufa, na warithi wao hawana habari.

Sasa suala lenyewe. Ndugu yetu aliitwa na mjane wa mkulima mmoja aliyekuwa akimtengenezea mitambo yake. Akafunguliwa banda, akaiona trekta, na mara ile jicho lake likaangukia mkono ule mdogo wa ziada. Mjane akamwambia: "Mimi haya siyajui. Marehemu alikuamini, nitajie wewe bei iliyo ya haki." Naye akamtajia bei ya trekta ya kawaida iliyochakaa. Mama yule akapokea, akamshukuru. Ndugu yetu asema kwamba hakutamka uwongo hata neno moja, na sheria ya nchi ile haikumdai kitu, lakini shukrani zile zamchoma mpaka leo. Auliza: Je, faida hii ni yangu?

Twaanza na hoja zilizo upande wake, kwani haki ya kila hoja ni kusikilizwa. Ujuzi wake hakuuokota njiani. Ameupata kwa miaka ya kuchafuka mikono, kwa safari za bure, na kwa kununua trekta alizozidhani nzima zikatoka mbovu, na hasara ile hakuna aliyemrudishia. Na lau hakwenda yeye, huenda trekta ile ingaliuzwa kwa ratili kama chuma chakavu, na giaboksi ile ikayeyushwa. Basi aliyekiokoa kitu, na akakijua, ana sehemu yake. Hoja hii ina nguvu, wala hatuibezi.

Mahakama za Marekani nazo zimepata kulitazama jambo hili. Mwaka 1815 katika mji wa New Orleans mfanyabiashara mmoja alipata mapema habari ya amani baina ya Marekani na Uingereza, akanunua tumbaku kabla habari haijaenea. Aliulizwa kama ana habari yoyote ya kupandisha bei, naye akanyamaza. Bei ikapanda kwa asilimia baina ya 30 na 50. Mahakama Kuu ya nchi ile ikasema mwaka 1817 kuwa mnunuzi halazimiki kumpa muuzaji habari aliyonayo, ila asitende wala asiseme neno la kumdanganya. Lakini mwaka 1887, katika jimbo hilo hilo la Michigan zilikotengenezwa trekta zetu, ng'ombe mmoja aliuzwa kwa kiasi cha dola 80 kwa kudhaniwa kuwa ni tasa. Kabla hajatolewa akaonekana ana mimba, na ng'ombe wa namna yake asiyekuwa tasa alithaminiwa dola 750 au zaidi. Mahakama ya jimbo ikampa muuzaji haki ya kukataa kumtoa, kwa kuwa wote wawili walikosea katika asili ya kitu chenyewe.

Hapo utaona ajabu. Wakikosea wote wawili, muuzaji aweza kupata nafuu. Akijua mmoja na akanyamaza, aliyejua hushinda. Mwenye kufikiri hatakosa kuona kuwa sheria hupima maneno na mikataba, na haifiki ndani ya kifua. Hatusemi haya kuitukana sheria, kwani hata wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa kupunjika bei peke yake hakuvunji biashara. Lakini biashara kutovunjika ni jambo moja, na mtu kuwa amesalimika na dhamana ni jambo jingine.

Tutazame mifano tuliyoachiwa. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu alinunua ardhi akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamrudia muuzaji, akamwambia kuwa yeye alinunua ardhi wala hakununua dhahabu. Muuzaji naye akasema kuwa aliuza ardhi na vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi, naye akawaoza watoto wao na kuwaamuru watumie mali ile kwa ajili yao na katika sadaka. Na imepokewa kuwa Jarir bin Abdillahi al-Bajali alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwambia mwenyewe kuwa farasi yule ni wa zaidi ya hapo, akazidi kupandisha mpaka akamlipa 800, kwa kuwa alikuwa amempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Mjane yule huenda si wa dini yetu. Lakini uaminifu si nguo ya kuvaliwa mbele ya hawa na kuvuliwa mbele ya wale.

Kwa hivyo sisi twapambanua. Mwenye kununua mnadani, mbele ya wauzaji wa kazi hiyo ambao wana macho kama yake na walikuwa na nafasi ya kuchungua, na akaona wasiloliona wao, faida yake ni ujira wa jicho lake, na hatuthubutu kumlaumu. Asiyejua akagundua baadaye, naye ana udhuru, ingawa kumrudia muuzaji ni ukarimu mkubwa. Lakini aliyeambiwa "nitajie wewe bei ya haki" hakubaki tena kuwa mnunuzi mtupu. Wakati ule aliwekwa mahali pa wakili, na ujuzi wake ukawa umeazimwa na yule aliyemwamini. Kuutumia dhidi yake ni kama mtu aliyepewa taa amwangazie mwenziwe njia, akaizima ili mwenziwe aanguke naye aokote kilichodondoka. Hakusema uwongo kwa ulimi, lakini bei aliyoitaja ilikuwa ni jawabu la swali jingine, si la swali aliloulizwa.

Nasaha yetu kwake ni arudi kwa mama yule, amweleze giaboksi ile ni nini na thamani yake ni nini, atoe gharama zake na ujira wa kazi yake, na la ziada amwachie yeye achague. Huenda akasema, "Chukua, nimekusamehe." Hapo itakuwa halali isiyo na mwiba. Ukarimu ni wa mjane kuutoa, si wa fundi kujipa kwa niaba yake.

Na sisi tulio huku tusidhani kwamba tumesalimika kwa kuwa hatununui trekta. Ni nyumba ngapi za miji yetu zilizotoka makasha ya njumu, viti vya enzi na milango ya nakshi, kwa bei ya kuni, kwa sababu mwenyewe alikuwa bi kizee na mnunuzi alikuwa mjuzi? Kila mmoja wetu ana jambo analolijua kuliko jirani yake: huyu dawa, huyu ardhi, huyu vitabu. Na ipo siku jirani huyo atamjia na kumwambia, "Mimi siyajui haya, nitajie wewe." Na ajiulize kila mtu leo, kabla siku hiyo haijamfikia, atajibu nini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.