Kigugumizi na Wastani

Kompyuta yangu mpya ya mezani hushikwa na kigugumizi: picha hukwama kufumba na kufumbua, kisha huendelea. Fundi ameipima na kusema ni nzima, kwa kuwa wastani wake ni karibu picha 60 kwa sekunde.

Hesabu yake ni sahihi. Kila picha hukaa takriban milisekunde 16.7. Moja ikikaa 200, katika sekunde 10 tutapata picha 589 badala ya 600, yaani wastani wa 58.9. Jicho limeuona mkwamo, wastani umeumeza.

Je, lalamiko lisiloonekana kwenye kipimo ni uongo? Mwaka 2022 AMD ilikiri kwamba baadhi ya kompyuta zenye prosesa zake za Ryzen zilikwama kwa muda mfupi mfumo wa usalama ulipowasiliana na kumbukumbu iliyo kwenye ubao mama. Waliolalamika hawakuwa wakiota.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mlalamikaji aweza kukosea kuhusu chanzo, lakini kuhusu adha yenyewe yeye ndiye shahidi wa kwanza. Darasa lenye wastani mzuri nalo huwa na mwanafunzi aliyeachwa nyuma. Haki inamtaka mpimaji aanze kwa kuuliza, ndipo achague kipimo.