Yai Lingojalo Kuamshwa

 

Enyi ndugu, ni mara ngapi mume hukosa mtoto, akamwita mkewe tasa mbele ya watu, wala asijiulize juu ya nafsi yake? Mume huyo na aisikilize khabari ya yai.

Yai la mwanamke likiisha kupevuka husimama katikati ya kugawanyika kwake, lisiende mbele wala nyuma. Lisipoamshwa, hufa kwa muda wa siku moja hivi. Mbegu ya mume ikiingia huleta kitu kidogo mno, ambacho wataalamu wa Cardiff, nchi ya Wales, walikieleza mwaka 2002. Kitu hicho hufungulia akiba za kalsiamu, madini yaliyomo katika chokaa na mifupa, zilizowekwa ndani ya yai lenyewe. Hupita wimbi baada ya wimbi kwa saa kadhaa. Ndipo yai hujifunga, mbegu nyingine isiingie, likatimiza mgawanyiko wake, likaanza kuwa mimba.

Mwaka 1899 Jacques Loeb, huko Woods Hole, Marekani, alichukua mayai ya yule mnyama wa miiba akaaye mwambani, amchomaye mvuvi mguu. Aliyatia katika maji ya bahari yaliyozidishwa chumvi ya magnesi, nayo yakaanza kukua bila ya mbegu. Loeb hakuumba kitu. Alibisha mlango tu, na nguvu ilikuwamo ndani, imewekwa na Mwenye kuiweka.

Basi wako wanaume ambao mbegu zao huonekana nzima na zenye mwendo, lakini kile kiamshi kimepunguka au kimeharibika. Mbegu huingia, na yai lisiamke. Ila hiyo ni ya mume, si ya mke. Na pengine ila iko katika yai. Hapana ajuaye kwa kudhani. Hujulikana kwa kupimwa wote wawili, na pengine matabibu huliamsha yai kwa dawa iingizayo kalsiamu.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, utasa haumo katika aibu za kufasikhi ndoa. Vipi basi mtu kumtwika mkewe aibu asiyokuwa na hakika nayo? Kabla ya kutamka talaka kwa sababu hiyo, mume na amche Mola wake, na atangulie yeye kwa tabibu. Wallahu aalam.