Kivuli ni cha Nani?

Jioni moja kwenye pantoni la Kigamboni nilimwomba hamali mmoja nimpige picha. Akakataa: "Kijana, sura yangu siuzi." Basi nikapiga kivuli chake, kirefu, gunia begani. Nikajiona mjanja. Kivuli hakina jina, nani atakidai?

Lakini msomaji, kule Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, mtu alikuwa ameketi kwenye ngazi za benki. Bomu likalipuka. Mawe yakapauka kwa joto, ila pale alipokaa pakabaki peusi. Mawe hayo yamo makumbusho hadi leo. Nani atathubutu kusema si mtu yule?

Nikarudi kumwonyesha mzee picha. Akaitazama weee, kisha akasema, "Huyu si mimi huyu?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi naomba ruhusa, hata ya kivuli.