Neno la Mtoto ni Kosa la Nani?

Wazazi wapendwa, mtoto wenu wa miaka 3 akimwambia yaya, “Mjinga wewe!”, mnacheka. Akilirudia neno hilo siku padre amewatembelea, mnamchapa. Je, hiyo ni haki?

Mwenye kosa ni yule ajuaye na kukusudia. Mtoto wa umri huo huiga neno pamoja na ukali wake kabla ya kulielewa. Pengine amelipata mezani, baba akimjibu mama.

Basi msicheke, wala msimchape. Mwambieni kwa upole, “Hapa kwetu tunasema, ‘Tafadhali, nisaidie.’” Nanyi mkikoseana mbele yake, ombaneni radhi mbele yake, hata neno “nisamehe” ataliiga. Kumwadhibu kwa neno ambalo bado mnalitumia ni kumfundisha kwamba heshima ni wajibu wa wadogo tu.