Kizibo Changu Kilishika

Nianze kwa kukiri. Kwa muda wa siku 11 niliwaacha watu wasionijua wapande boti ambayo kizibo chake nilikitengeneza kwa kipande cha tyubu, na hakuna lililotokea. Hakuna kabisa. Boti ilikimbia, watoto walipiga kelele za furaha, bosi alihesabu pesa zake, nami nikapokea mshahara. Swali langu kwako, ndugu msomaji, ni hili: je, nilitenda kosa?

Usijibu haraka. Kwanza nikujulishe kizibo chenyewe, maana huenda boti unazozijua ni zile zenye rafadha inayozunguka nje, chini ya tezi. Boti ya jeti haina kitu hicho nje. Mtu aliyeipatia sifa ni Bill Hamilton wa New Zealand, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitaka chombo cha kupandia mito ya kwao yenye maji machache na mawe mengi. Mwaka 1960 boti zake ziliupanda mto Colorado kule Marekani, zikapita Grand Canyon zikienda kinyume cha mkondo. Siri yake ni kwamba rafadha imefichwa ndani ya bomba. Inavuta maji kutoka chini ya boti, kupitia wavu wa vyuma, na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Boti nayo inaruka mbele.

Lakini kinachovuta maji huvuta na takataka. Kamba, majani, mifuko ya plastiki, vyote huingia na kuizonga rafadha. Kwa hiyo boti nyingi za namna hii huwekewa tundu huku nyuma: unazima injini, unachomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwako mwenyewe (usimwachie mtu, hata awe ndugu yako), unafunua kifuniko, unang'oa kizibo, unapitisha mkono mpaka kwenye rafadha na kutoa uchafu. Ukimaliza, unakirudisha kizibo na kukikaza. Ni hilo tu.

Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi. Nilipomsimulia kwa simu alicheka sana. "Mjukuu wangu, umekwenda mpaka Dubai kushika nguruzi?" Si nguruzi hasa. Nguruzi hutolewa chombo kikiwa juu ya mchanga ili maji yatoke, na hiki hutolewa chombo kikiwa majini ili mkono uingie. Lakini mzee hakukosea sana. Vyote viwili ni tundu ambalo mtu amelitoboa mwenyewe, kwa kupenda kwake, katika chombo kinachombeba.

Kukitunza hakuhitaji chuo. Kila jioni kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Pangusa mchanga kwenye ukingo wa tundu, kwa sababu chembe moja tu yatosha kufungua njia. Upake mpira wake grisi ya silikoni, si grisi yoyote utakayoikuta gereji, maana nyingine huvimbisha mpira. Tazama kama una nyufa. Kule joto la Julai hupita nyuzi 40 na mpira hukauka kama ngozi ya ngoma. Ukishakaza, kivute kwa nguvu uone kama kinacheza. Halafu nenda polepole kwanza, usikilize. Injini ikilia kwa nguvu na boti haendi, ujue hewa inaingia. Na kisipokaa sawasawa, msukumo wa maji waweza kukirusha nje.

Mpira wetu ulikuwa umekwisha. Nilimwambia msimamizi. Akasema mpya umeagizwa, subiri. Nikauliza, je, boti ilale? Akanitazama kama niliyemtukana. Ilikuwa msimu wa wageni, bwana, na boti inayolala haimlipi mtu. Sikuambiwa "danganya". Niliambiwa tu, "Wewe si fundi?" Nikakata kipande cha tyubu, nikakivisha juu ya mpira mkuukuu, kizibo kikabana. Siku ya 11 mpira mpya ulifika. Nikatoa ule uchafu wangu, nikautupa kwenye pipa, nikajiona mjanja.

Mwenzangu mmoja, mtu wa Tanga tuliyelala naye chumba kimoja, alikuwa amesimama pale nilipokuwa nakata.

Miezi michache baadaye boti aliyoitunza yeye ilipatwa na ugonjwa uleule. Naye akaambiwa subiri. Akafanya kama nilivyofanya. Siku ya pili, boti ikiwa mbali na gati na mtoto ameketi juu ya kile kifuniko cha nyuma, kizibo kiliruka. Kifuniko kikamrusha mtoto, akavunjika mkono. Boti ikapoteza nguvu, upepo ukawa unaisukuma kwenye mawe, wakaja kuvutwa dakika za mwisho. Msimamizi alitukusanya sote. Akamwuliza, "Nani amekufundisha huu upuuzi?" Mwenzangu akajibu, "Hakuna. Nimebuni mwenyewe." Hakunitazama. Baada ya wiki moja alikuwa kwenye ndege, karudishwa kwao. Nami? Nikapewa boti yake juu ya yangu, na nyongeza kidogo.

Sasa rudi kwenye swali. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliliandikia jambo hili na kuliita bahati ya kimaadili. Chukua madereva wawili waliopuuza breki zao. Mmoja anafika nyumbani salama. Mwingine anakatiziwa barabara na mtoto. Uzembe ni uleule, lakini mmoja tunamwita mzembe na mwingine tunamwita muuaji. Kant, karibu miaka 200 kabla yao, angekataa kabisa: kwake thamani ya nia haiongezwi wala kupunguzwa na matokeo. Kwa mizani ya Kant, mimi na mtu wa Tanga tuko sawa. Kwa mizani ya msimamizi, mmoja anapanda ndege na mwingine anapanda cheo.

Kwa muda mrefu nilimpenda Kant mchana na msimamizi usiku. Yaani katika mabishano ya kahawa nilisema sote tuna kosa moja, nikajisikia mwungwana, lakini kitandani nilijiambia, "Hata hivyo, changu kilishika." Sijui kama umewahi kulala na neno kama hilo. Ni tamu. Aliyeokolewa na bahati huanza polepole kuiita bahati hiyo ustadi. Nilianza kufikiri kwamba nilikata vizuri zaidi, kwamba nilikaza kwa mkono wa fundi. Hata niliwahi kumwambia kijana mgeni, "Yule alikuwa hana uangalifu." Naam, mimi nilisema hivyo!

Nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu ndipo nilipoona kwamba nilikuwa natafuta kosa langu mahali pasipo. Kwenye kizibo, bahati ina mengi ya kudai. Joto la siku ile, uzito wa yule mtoto, siku 11 au 2, hayo sikuyapanga mimi wala yeye. Tubishane hapo mpaka kuche. Lakini lile swali la msimamizi, "Nani amekufundisha?", lilikuwa na nafasi ya pumzi tatu hivi kabla hajajibu. Katika pumzi zile hapakuwa na upepo, wala mawe, wala mpira mbovu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na jibu lilikuwa mimi. Williams na Nagel hawawezi kunisaidia hapo.

Wengine mtasema ningefukuzwa na mimi, nyumba mbili zikose unga badala ya moja. Ni kweli, na hesabu hiyo niliifanya. Niliifanya haraka sana, tena kwa ufasaha ambao katika mambo mengine sinao.

Mwaka jana nilikwenda Tanga. Nilimkuta anatengeneza injini za boti za wavuvi, mikono myeusi, mwili umenenepa kidogo. Tukakaa kwenye benchi, akaagiza kahawa. Nilimwambia yote, hata lile nililomwambia yule kijana mgeni. Alinisikiliza huku akifuta spana kwa kitambaa, moja baada ya nyingine.

"Kaka," akasema mwishowe, "ile tyubu yako siku ile, ilikuwa ya nini?"

"Ya baiskeli."

"Mimi nilitia ya gari." Akaigeuza spana, akaifuta upande wa pili. "Ya baiskeli ni nyembamba zaidi."